Mafuta ya Nguruwe Kwenye Propela

Mlio ulianza walipovuka mto wa mwisho: kwi, kwi, kwi, chini ya sakafu ya gari. Katikati ya mlima kukapiga kishindo. Propela ya nyuma, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu, ilichomoka, ikapasua bomba la breki, na gari likarudi kinyumenyume hadi mtaroni.

Agan alitambaa chini ya gari. Krosi, kile kiungo cha propela, ilikuwa imekatika, na palinuka kama jikoni.

"Umeipaka nini hii?" aliuliza dada yake, Sigang.

"Mafuta ya mama."

"Ya nguruwe? Ungetia na chumvi kabisa, kaka!"

Ndani ya gari baba yao, mzee Paran, alicheka hadi akashikwa na kikohozi kirefu.

Kila dereva wa Bario, kijiji chao cha milimani, anajua kwamba maji ya mito huingia kwenye krosi, na ukishavuka lazima upige grisi. Agan alipoishiwa grisi kijijini, alijaza bomba lake la kupigia grisi mafuta ya nguruwe mwitu. Mafuta ni mafuta, alisema. Mjini maduka yalijaa grisi tele, lakini alikuwa na haraka ya kumtoa baba hospitali. Uzembe mtupu.

Mvua ikashuka. Mto nyuma yao ukafurika, hakuna gari ambalo lingepita. Kesho yake ilikuwa karamu ya jina la mtoto wa kwanza wa Agan. Siku hiyo babu naye huacha jina lake la zamani na kutamka jipya mbele ya watu wote. Paran alikuwa amelichagua akiwa kitandani hospitalini, na hakumwambia mtu.

"Agan, sogea nikwambie jina langu."

"Utalitaja mwenyewe kesho, baba."

"Nisikilize kwanza, mwanangu."

"Kesho, baba."

Hakutaka kulisikia. Kulisikia kungekuwa kukubali kwamba mzee hatafika.

Kulipopambazuka alimfunga baba mgongoni kwa shuka, wakaanza kupanda. Sigang alitangulia na panga, akichonga vidato kwenye utelezi na kukata mitambaazi yenye maji ndani ili amdondoshee mzee maji mdomoni. Ruba waliwaganda miguuni. Mwili wa baba uliwaka homa, kisha ukalegea.

Karibu na kilele wakakutana na gari la wanakijiji waliokuja kuwatafuta.

Walifika patu za shaba zikilia. Mtoto akapewa jina, kisha babu akaulizwa lake. Midomo ya Paran ilicheza bila sauti. Agan akainama hadi sikio likagusa midomo ile, akapata pumzi ya moto tu. Wakamzika wiki hiyohiyo kwa jina la zamani.

Siku hizi Agan akivuka mto wowote hulala kwenye matope chini ya gari, akasukuma grisi mpaka ile chafu itoke yote. Abiria hulalamika kwamba wanachelewa. Yeye huizungusha propela kwa mkono, sikio karibu na krosi, akasikiliza.