Mti wa Sitini na Nne

Nguzo ya mlango wa jikoni ilichipua jani. Jatri aliliona asubuhi alipotoka kumwaga maji ya wali: jani moja la mti wa sakhua, jekundu na laini, limejitokeza kwenye mbao iliyokatwa kabla yeye hajaolewa. Akalichuma, akacheka.

“Baba Phulo, njoo uone nyumba yenu ya serikali! Hata mbao zake hazijaambiwa kuwa zimekufa.”

Charwa, mumewe, alikuwa mlinzi wa msitu na mtu wa utani. Asubuhi hiyo hakucheka. Aliutazama msumari uliokuwa juu ya pale jani lilipochipua, alipotundika nyundo ya muhuri tangu juzi. Akaitoa, akaifungia sandukuni, akaenda kazini bila kunywa chai.

Nyundo hiyo ndiyo kalamu ya watu wa misitu. Mti unaotakiwa kukatwa huchunwa gome mahali pawili, kifuani na shinani, na kila mahali hugongwa muhuri wa duara wenye namba. Alama ya kifuani huondoka na gogo, ya shinani hubaki na kisiki, ili mwizi akose la kusema. Ko. Ko. Ukishagongwa hivyo mti umekwisha, hata kama bado una ndege.

Na miti aliyoigonga Charwa juzi ilikuwa ya sarna, kichaka kitakatifu. Sisi wa nyanda hizi za Chota Nagpur hatuhitaji kuambiwa. Mababu walipofyeka msitu ili walime mpunga, waliwafukuza wenye miti, majini waliokaa humo kabla ya mtu yeyote. Baadaye aibu ikawashika, wakawaachia kichaka kimoja kando ya mashamba na kuapa kwamba hapo hawatawagusa tena. Sarna yetu ilibaki na mwenyewe mmoja, Bibi wa Sarna. Kwenye ramani ya ofisi kichaka hicho kimeandikwa ardhi tupu, na barabara ya machimbo ikapangwa kupita juu yake. Mchora ramani hajawahi kuchomwa na mwiba wa huku.

Siku tatu baada ya lile jani, mchana, jua la Mei likipasua udongo, Jatri alimwita mtoto aje kula. Phulo alikuwa na miaka minane na hakuwa mtoto wa kutulia. Hata usingizini alipiga mateke. Sasa alikuwa amesimama katikati ya ua, peku, mikono imelegea, uso kaugeuzia jua.

“Phulo, ondoka juani.”

Mtoto hakusogea. Harufu ya utomvu wa sakhua, ule tunaofukiza siku za ibada, ilijaa uani ingawa hakuna aliyewasha moto. Jatri akasogea, akaona sisimizi wekundu wakipanda mguu wa mwanawe kwa mstari mmoja, wakipita gotini, shingoni, wakiingia nyweleni, na mtoto hajikuni wala hapepesi macho, na alipomshika kiunoni amnyanyue miguu ilikataa, akavuta kwa nguvu zake zote huku akimwita mungu na mumewe kwa pamoja, mpaka nyayo zikabanduka kwa sauti ya kitu kinachochanika, na chini ya kila unyayo zikaning’inia nyuzi nyeupe, nyembamba, zenye udongo.

Akamfungua gauni. Katikati ya kifua palikuwa na duara jekundu lenye namba. Kwenye kifundo cha mguu palikuwa na jingine.

Charwa alimleta Mangra siku hiyo hiyo. Mangra alikuwa mganga, na siku ambazo majini wametulia alitengeneza pampu za maji, kwa hiyo alifika na mikono ya grisi. Akawasha taa, akamwaga mchele kwenye ungo, akausugua taratibu na kuusoma. Kisha akaanza kunong’ona.

“Kaka Charwa, ulipogonga ile miti, uliisemesha?”

“Niliisemesha. Mimi si mtoto wa huku?”

Maana ndiyo desturi yetu: kabla hujaugusa mti, unamwomba aliyemo ahamie mti wa jirani.

“Ulisemaje?”

“Kwa wa kwanza nikasema, Bibi, hamia wa pili. Kwa wa pili, hamia wa tatu. Hivyo hivyo, mpaka wa sitini na mbili.”

“Na wa sitini na tatu?”

Charwa akainamisha kichwa. “Hapakuwa na mwingine. Njaa inaniuma, mkono umekufa ganzi. Nikasema tu…”

“Sema.”

“Nikasema, haya, twende.”

Jatri alijiziba mdomo kwa ncha ya sari. Mangra aliweka ungo chini.

“Basi amekuja,” alisema. “Ulimkaribisha mwenyewe. Tena hana ubaya, dada, usimchukie. Hana pa kukaa, na kitu chororo kinachokua humu ndani ni huyu mtoto.”

“Mpeleke msitu mwingine!” Jatri alisema.

“Misitu mingine ina wenyewe. Atafutiwe mti mmoja wa hapo hapo kwake. Mmoja tu, ufutwe muhuri kwenye gome na kwenye karatasi.”

Kesho yake Charwa alisimama mbele ya mkuu wa kanda, Bwana Sinha, ambaye hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa afadhali angekuwa mbaya. Charwa angepata wa kumlaani. Bwana Sinha alimpa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho.

“Charwa, orodha imeshatiwa saini makao makuu, Ranchi. Nikisema sitini na mbili, wataniuliza mmoja nimemuuzia nani.”

“Sahib, ni mwanangu.”

“Mpeleke hospitali, nakupa ruhusa na gari. Na usihuzunikie miti. Badala yake itapandwa elfu moja.”

“Wapi, sahib?”

“Wilaya nyingine. Huku hakuna nafasi.”

Akampa mche wa sakhua kwenye mfuko wa plastiki, kwa moyo mweupe kabisa. Charwa aliubeba mapajani njia nzima. Mangra alipouona alikosa hata hasira.

“Bibi aingie humu? Hata kuku hatulii kivulini mwake.”

Hospitali waliandika upungufu wa damu. Alhamisi misumeno ya mashine ikaanza kunguruma, na ingawa sarna iko mbali na nyumba, kila mti ulipoanguka Phulo aliyumba mara moja, mama yake akimshikilia, na katikati ya mti na mti wakasikia nyundo, ko, ko, ndani ya sanduku lililofungwa, na Mangra akichinja kuku, akizungusha uzi mweupe, akiita na kubembeleza, mpaka jioni mti wa mwisho ulipoanguka mtoto akafungua mdomo, na sauti ikatoka taratibu, ya kizee, iliyochoka.

“Niliambiwa twende. Nikaja. Sasa mnanifukuza tena?”

Mangra alikusanya mchele wake. Mlangoni aliushika mkono wa Charwa kwa muda mrefu. “Nisamehe, kaka. Sina pa kumpeleka.” Akaondoka akisukuma baiskeli, asigeuke.

Phulo akarudi kusimama uani, nyayo zikashika udongo. Hawakumvuta tena, kwa sababu walipojaribu zilitoka damu. Jatri alimjengea kibanda cha matete pale pale uani, akalala miguuni pake. Phulo hakula. Alipomwagiwa maji miguuni alifumba macho kidogo, na hiyo ndiyo furaha pekee iliyobaki nyumbani. Jatri alichota maji mara saba kwa siku.

Jumapili ya wiki iliyofuata karani wa ofisi alimkuta Charwa sarna, akihesabu visiki. Alimpa karatasi atie saini.

“Barabara imepanuliwa kidogo, inagusa ua wako. Nilipita asubuhi hii ukiwa huku, nikapima. Ni mmoja tu.”

Charwa alisoma. *Nambari sitini na nne. Uani kwa mlinzi. Sakhua, mzingo sentimita hamsini na nne. Umeshagongwa muhuri, kifuani na shinani. Ukatwe Jumatatu.*

“Uani kwangu hakuna mti,” alisema.

“Wacha utani wako, Charwa.” Karani alicheka, akamnyooshea kalamu. “Mti mzuri, umenyooka. Lakini zungumza na mkeo mapema. Nilipouzungushia kamba alikuwa ameukumbatia, hataki kuuachia.”