Indiketa ya Kushoto

Dakika kumi nzima Kavetsa alikuwa amesimamisha pikapu pale barabara ya sokoni inapoingilia Uganda Road mjini Eldoret, akingoja kupishwa, na hakuna mtu aliyekuwa na nia ya kumpisha. Mbele yake malori ya kwenda mpakani Malaba yalipita moja baada ya jingine. Katikati yake trekta za wakulima ziliburuta majembe yaliyojaa matope, maana ulikuwa mwezi wa nne, msimu wa kupanda, na boda boda zilijipenyeza kila mahali penye nafasi ya kupitisha paka. Nyuma yake honi zililia kama harusi iliyokosa bwana harusi.

Alikuwa amevaa blauzi ya manjano iliyopigwa pasi ikanyooka, na sketi ya kitenge. Miguu yake ilikuwa mitupu juu ya pedali, kwa sababu hakuweza kulisikia gari vizuri akiwa na viatu. Viatu vyenyewe, vyeusi vya kisigino kifupi, vilikaa kwenye kiti cha abiria kama mgeni wa heshima.

Mwanamume akashuka kutoka kwa lori lililokuwa nyuma yake. Alikuwa mrefu, ovaroli ya kijani ameifunga kiunoni kwa mikono ya nguo hiyo, kofia nyekundu imepauka kwa jua. Akainama kwa dirisha.

"Madam, kwani unangoja nini?"

"Nangoja zamu yangu."

"Zamu?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Aki dadangu, umetoka wapi?"

"Mbale."

"Huko Mbale zamu inakuja yenyewe, eh? Hapa ukingoja zamu utapandiwa mahindi hapo ulipo. Sikia. Mwangalie dereva machoni. Si gari, dereva. Akikuangalia, ingiza pua ya gari polepole. Ameshakuona, hawezi kukugonga. Asipokuangalia, huyo muache apite."

"Na akiniangalia halafu anigonge?"

"Basi mimi ndiye shahidi wako. Naitwa Wepukhulu. Haya, ingia!"

Kavetsa akamkazia macho dereva wa tangi la mafuta, akaingiza pua ya gari, na lile tangi kubwa likapunguza mwendo kama ng'ombe aliyeitwa jina. Akajikuta yuko Uganda Road, akicheka peke yake.

Mambo yalikuwa hivi. Kavetsa alikuwa na siku tisa Eldoret. Mama Hodan, mwenye duka la jumla la sukari, mchele na sabuni, alikuwa amemwajiri kumpelekea mizigo kwa wateja wa nje ya mji. Mama Hodan alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, mwenye gauni la dira lenye maua na macho yaliyoona hadi ndani ya magunia. Alimwambia siku ya kwanza, "Mwezi mmoja. Ukijua njia, hii gari ni yako kuendesha. Usipojua, utarudi kwenu salama, na mimi nitatafuta mwingine." Na Kavetsa hakutaka kurudi. Nyumbani hapakuwa na gari hata moja ambalo mwanamke angekabidhiwa funguo zake.

Kwa hiyo Wepukhulu alipopiga simu siku ya tatu baada ya hapo, akisema namba ameisoma ubavuni mwa pikapu pale palipoandikwa simu ya duka, na Mama Hodan akamkabidhi Kavetsa mkono wa simu huku amekunja uso, Kavetsa hakuona haya.

"Shahidi wako hapa. Umegongwa?"

"Bado. Lakini jana nilipotea mpaka Kaptagat."

"Kaptagat! Ulienda kukimbia na wale wanariadha?"

"Waliniongoza kutoka msituni. Nilikuwa nawafuata nyuma, wao kwa miguu, mimi kwa gari, na bado waliniacha."

Wepukhulu alicheka, kisha akasema Jumapili baada ya kanisa angemfundisha mji.

Akamfundisha kweli. Walikaa kwa kibanda cha chai, kati yao mandazi mawili na kipande cha katoni ya sabuni, na Wepukhulu akachora barabara zote kwa kalamu ya bluu. Alichora kwa njia yake mwenyewe: mti ulikuwa kama ufagio, kanisa kama kiatu, na kila daraja lilikuwa kama kitanda chenye miguu minne.

"Hiki kitanda ni cha nani?" Kavetsa aliuliza.

"Ni daraja hilo! Wewe mwanafunzi heshimu mwalimu. Sasa sikia hii, itakuokoa maisha. Ukiwa nyuma ya lori na huoni mbele, angalia indiketa. Akiwasha ya kulia, usithubutu kupita, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto, amekuambia njia iko wazi, pita."

"Na nikimwamini kisha anidanganye?"

"Hakuna dereva anayedanganya na indiketa ya kushoto. Mtu anaweza kudanganya bibi yake, polisi, hata padri. Hiyo, hapana."

Siku hizo zikawa tamu. Alijifunza kwamba gari likikuwashia taa mchana, mbele kuna polisi au ng'ombe, na vyote viwili vinataka upunguze mwendo. Alijifunza kwamba trekta ya Ainabkoi haina haraka wala aibu. Saa saba kila siku simu yake ya mkononi ililia.

"Uko wapi, mpenzi dereva?"

"Niko nimeegesha, mwalimu. Nakula muhogo."

"Bila mimi?"

"Wewe uko wapi?"

"Ainabkoi, napakia viazi. Kila gunia nikiliangalia nakuona wewe."

"Ati mimi ni gunia la viazi?"

"La viazi vizuri!"

Akacheka hadi muhogo ukamtoka. Jioni hiyo alijikuta anapiga pasi blauzi ambayo hakuwa na safari nayo.

Kwenye ile katoni kulikuwa na jambo moja ambalo Kavetsa aliliona lakini hakuliuliza. Barabara ya kwenda vijiji vilivyo mbele ya Yamumbi, nje kidogo ya mji, haikuwa imenyooka. Iliacha lami, ikazunguka mbali nyuma ya mashamba, ikavuka vitanda viwili, ndipo ikarudi. Yeye akaifuata hivyo hivyo, maana mwalimu ndiye aliyeichora.

Jumamosi ya wiki ya tatu, Mama Hodan alimpakilia mchele, sukari na mafuta ya harusi huko mbele ya Yamumbi. "Saa tatu uwe umefika. Wapishi wanangoja." Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Kavetsa akafuata katoni, akazunguka, na kwenye kitanda cha pili pikapu likazama matope hadi ekseli. Alisukuma, akaita wakulima, wakasukuma pamoja. Alifika saa sita kasorobo, sketi ya kitenge imekuwa udongo mtupu, na mama wa bibi harusi amekaa juu ya sufuria tupu akilia.

Dukani Mama Hodan hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulipitia wapi?"

Kavetsa akaeleza.

"Huko nyuma kwa mashamba? Kwani lami imefanya nini? Kutoka hapa mpaka Yamumbi barabara imenyooka kama rula. Imebaki wiki moja, Kavetsa. Ukichelewa tena mara moja tu, basi."

Mulongo, dereva wa zamani wa duka, alikuwa ameegemea magunia akichokonoa meno. "Nani alikufundisha hiyo njia? Yule Wepukhulu wa simu? Wacha! Huyo jamaa amekuzungusha, dada. Anataka urudi kila siku uulize njia."

Kavetsa akatoka nje, akapiga simu.

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Kwa nini ulinichorea kuzunguka? Barabara ya Yamumbi ni lami, na wewe unajua. Ulitaka kunicheka?"

Kwa upande wa Wepukhulu lori lilisikika likinguruma.

"Hiyo barabara mimi siijui, Kavetsa."

"Miaka kumi umeendesha hapa, na huijui?"

"Siijui tena."

"Basi na mimi usinijue tena." Akakata.

Siku zilizofuata hakupiga, wala hakupigiwa. Saa saba ilikuwa ikifika na muhogo ukawa hauna ladha.

Jumatano akashika lami. Ilikuwa kama alivyoambiwa, imenyooka, safi, watoto wa shule pembeni, akina mama wamepanga nyanya. Nyumba mpya za mabati yanayong'aa zilisimama katikati ya misingi mitupu iliyoota majani, na Kavetsa aliipita polepole bila kujua kwa nini anapunguza mwendo. Mbele kidogo tairi likapasuka, karibu na kibanda kilichoandikwa kwa rangi nyeupe KABIRU PANCHA.

Kabiru mwenyewe alitoka akichechemea, mtu wa miaka kama arobaini, mwenye sweta la mistari na mdomo usiotulia. "Karibu dada, tairi lako limechagua mahali pazuri pa kufia." Akainama kuchukua jeki ndani ya gari, kisha akasimama hapo, mkono hewani. Alikuwa akitazama ile katoni juu ya dashibodi.

"Nani amekuchorea hii?"

"Mtu tu."

"Mtu tu anachora daraja kama kitanda?" Sauti yake ilibadilika. "Huyu ni Wepukhulu. Yuko hai?"

"Yuko hai sana. Kwani unamjua?"

Kabiru akaketi juu ya tairi. "Tulikuwa tukipokezana usukani wa lori moja miaka sita. Ile Januari ya vita vya uchaguzi, miaka miwili iliyopita, tulikuwa tunarudi nyumbani, tukakuta mawe barabarani, pale nyuma ulikotoka, penye mti. Vijana wakaanza kuitisha vipande vya utambulisho, wajue nani ni wa kabila gani. Mimi nilijua jina langu litasema nini. Nikamwambia, rudisha gari nyuma, usinitazame, kisha nikaruka upande wangu nikakimbilia kwenye miti ya miwati. Yeye akarudisha gari, mawe yakivunja vioo. Mguu huu niliuvunjia kwa mtaro. Nilikaa kambi ya wakimbizi, halafu Nakuru kwa ndugu, simu yenye namba zote ilipotea. Nimerudi miezi mitatu tu. Nilimuulizia huku, wakaniambia hawajamwona tangu siku ile."

Kavetsa akaitazama katoni, ile njia iliyojipinda kuikwepa nafasi nyeupe. Hakuwa amezungushwa na mtu wa mzaha. Alikuwa amefundishwa na mtu aliyekuwa bado anazunguka mawe yaliyoondolewa zamani.

Jumamosi akapiga simu.

"Kesho vaa shati safi. Nimeruhusiwa gari baada ya kanisa, na nina mahali nakupeleka."

"Kavetsa? Mimi nilifikiri..."

"Usifikiri. Vaa shati."

Alikuja na shati jeupe lenye mikunjo ya sandukuni, amenyoa ndevu hadi akaonekana mdogo. Aliketi kwa kiti cha abiria, viatu vya Kavetsa mapajani mwake. Walipopita njia ya kuzungukia bila kukata kona, vidole vyake vikavishika vile viatu.

"Simamisha."

Akasimamisha karibu na ule mti, miguu yake mitupu juu ya breki.

"Nilimuacha mtu hapa," Wepukhulu akasema akitazama kioo cha mbele. "Nilirudisha gari, nikamuacha. Nilimtafuta kambini, kila hema. Kukuambia hivyo, na wewe ndiyo kwanza umeanza kunipenda, nilishindwa. Nikachora kuzunguka."

"Huyo mtu," Kavetsa akasema polepole, "ana mguu mmoja mzito na mdomo mwepesi?"

Wepukhulu akageuka.

"Yuko mbele hapo anatia viraka tairi. Anasema bado unachora daraja kama kitanda."

Machozi yalimtiririka Wepukhulu kwenye mashavu yaliyonyolewa, na alikuwa akicheka wakati huo huo, amekumbatia viatu vya watu. Kavetsa akaingiza gia, akaipiga honi tangu kwenye ule mti mpaka kibandani.

"Wewe mtu!" Kabiru alipiga kelele akichechemea mbio. "Nilikuambia rudisha gari, sikukuambia urudi nyuma miaka miwili!"

Walikumbatiana wakaanguka pamoja juu ya rundo la tairi kuukuu. Njambi, mke wa Kabiru, alileta chai ya maziwa, na wale wawili wakabishana saa nzima ni nani alikuwa akiharibu gia za lile lori. Kabla ya kuondoka Wepukhulu aliomba kalamu. Akachukua katoni, akachora mstari mmoja mnyoofu kupita Yamumbi. Mwisho wa mstari akachora kitu kingine.

"Hiki ni kitanda au daraja?" Kavetsa akauliza.

"Ni nyumba. Ina mlango, angalia. Nataka iwe yetu, wewe na mimi, kama utakubali." Kofia alikuwa ameivua, anaizungusha mikononi.

Njambi akamziba Kabiru mdomo kabla hajatia neno.

Kavetsa akavaa viatu vyake taratibu, kimoja, halafu kingine. "Nitakujibu barabarani," akasema.

Jumatatu mwezi ulikuwa umetimia. Kavetsa alipeleka mizigo mitatu kabla ya saa nne, na Mama Hodan aliitazama saa ya ukutani, kisha akamtupia ufunguo wa akiba wa pikapu. "Weka. Usipoteze," akasema, akarudi kwa magunia yake.

Mchana, kwenye mlima wa kutoka mjini kwenda Yamumbi, Kavetsa aliona kwenye kioo lori analolijua, kofia nyekundu nyuma ya usukani. Likamwashia taa mara moja. Mara ya pili, kama anayeuliza. Mbele yake barabara ilipanda, yeye pekee ndiye aliyeona upande wa pili. Akatazama mbele vizuri, kama alivyofundishwa. Hapakuwa na kitu kinachokuja.

Akawasha indiketa ya kushoto, ile isiyodanganya, akaiacha ikipepesa.

Lori likapita kando yake, dereva wake akipiga honi kama mtu aliyeshinda uchaguzi, na akina mama wa nyanya wakasimama kuuliza ni harusi ya nani.