Tau Ajifunza Kukaa na Sungura

Jumamosi asubuhi Wame alikuwa uani akimkatia sungura wake majani. Sungura huyo aliitwa Phaphata, jina la mkate bapa wa kwao, kwa sababu akiota jua alijitandaza kama mkate juu ya kikaango. Mara honi ikalia langoni. Babu alikuwa amefika kutoka kambi ya ng'ombe, na ndani ya koti lake kulikuwa na kitu kinachofurukuta.

Kilikuwa kitoto cha mbwa. Wame alirukaruka mpaka kandambili zikamtoka, maana alikuwa ameomba mbwa tangu mwaka jana. Papo hapo akampa jina la Tau, yaani simba, ingawa simba mwenyewe alikuwa akitetemeka miguu.

Hakungoja kuambiwa. Alimtoa Phaphata kwenye kibanda, akawaweka pua kwa pua.

Tau alifurahi kupita kiasi. Alibweka, akaruka. Phaphata akatimua mbio, Tau nyuma yake. Wakazunguka chungu cha miguu mitatu, wakaangusha ndoo ya maji. Gosego, mama yake Wame, akamdaka Tau. Sungura alikuwa amejibana nyuma ya rundo la kuni, macho yamemtoka, mbavu zikipwita.

Hadi alasiri Phaphata hakugusa hata jani. Baba alisema kama mambo ni hayo, kesho mbwa arudi kambini na babu. Wame akalia. Gosego akavuka barabara kumwita Mma Sebina, jirani yao anayetibu mifugo.

Mma Sebina alimpapasa sungura tumbo, hakuona jeraha. Lakini aliwaonya kwamba sungura asiyekula kutwa nzima anaweza kufa. Wamweke mahali patulivu, wampe nyasi kavu na maji, na mbwa asimwone kabisa. Asipokula mpaka jioni, wampeleke kliniki.

"Kwa hiyo Tau ni mbaya?" Wame aliuliza.

"Si mbaya, mwanangu. Ni mtoto. Kikikimbia kitu, yeye anakifukuza. Naye Phaphata akifukuzwa, anadhani ataliwa. Wewe uliwakutanisha kwa pupa. Watambulishe polepole."

Kabla jua halijazama, Phaphata alianza kutafuna nyasi. Wame alikimbia nyumba nzima akitangaza. Baba akakubali kungoja, na kesho yake babu akarudi kambini bila mbwa.

Mma Sebina aliwaeleza waanze na harufu. Wame akachukua kitambaa alichokilalia Tau, akakiweka karibu na kibanda cha sungura. Cha sungura akampa Tau, naye akakinusa mpaka akapiga chafya. Siku chache zikapita hivyo, kila mmoja mahali pake.

Kisha wakaonana. Phaphata alikaa ndani ya kibanda chenye wavu, na humo wakamwekea sanduku la kujificha. Tau aliletwa akiwa ameshiba na amechoka kucheza, amefungwa kamba.

"Akitulia, mpe kipande cha nyama," Mma Sebina alisema. "Akivuta kamba au akimkodolea macho, mtoe. Usimpige. Ukimpiga, atajua sungura ndiye anayemletea fimbo."

Mara ya kwanza Tau alivuta na kulialia, wakamtoa. Kesho yake, vilevile. Baba, aliyedai hana muda wa michezo ya mbwa, alianza kutoka kazini mapema ili ashike kamba mwenyewe. Walikaa dakika chache tu kila siku, nyumba nzima imebana pumzi.

Ikafika jioni Tau alipomwangalia sungura, akageuka kumtazama Wame, kisha akalala chini mwenyewe.

"Katulia," baba alinong'ona. "Mpe nyama, mpe haraka."

Phaphata akatoka sandukuni. Akasogea, akasimama, akasogea tena. Kupitia wavu akanusa pua ya Tau. Mkia wa Tau ukapiga vumbi, lakini hakuinuka. Gosego alimkumbatia Wame, wote wawili wakicheka kimyakimya wasiwashtue.

Siku hizi Tau hulala nje ya wavu huku Phaphata akila ndani. Hata hivyo hawaachwi peke yao. Wame akienda shule, anamfungia Tau ndani ya nyumba, kwa kuwa Mma Sebina alisema urafiki wa wanyama huhitaji macho ya mtu.

Mwisho wa mwezi babu alipiga simu kuuliza kama aje kumchukua mbwa wake.

"Mbwa wako yupi, baba?" baba yake Wame alimjibu. "Huyu ni wetu."