Bomba la Moshi Lililokuwa na Joto

Hebu fikiria gereji ya mabati nyuma ya soko la Voi, mchana, jua likichoma hadi mbwa wamekimbilia chini ya magari. Pembeni imeegemezwa pikipiki nyekundu. Taa imevunjika, kiti kimechanika, betri haipo, vumbi la miezi limeifunika. Mtu anainama, anagusa bomba la moshi, kisha anautoa mkono haraka. Lina joto, kama la pikipiki iliyorudi safarini sasa hivi.

Mtu huyo ni Danson, mkulima wa Kasigau. Mkewe, Rita, alikuwa na ugonjwa wa figo, na kila wiki ilibidi afike Voi kusafishwa damu. Gari la kijijini lilipokosekana, au ndovu walipoifunga barabara, Rita alibaki kitandani miguu ikimvimba, akimwambia mumewe asijali. Pikipiki mpya Danson hakuiweza. Hii mbovu labda.

Fundi Kimeu hakumficha kitu. Pistoni ilikuwa imekwama na fremu imepinda. Karibu kila kilichokuwa ndani kilitaka kubadilishwa.

"Boss, hiyo ni ya kuuzwa kwa kilo," alisema. "Mama mbebe mgongoni tu, mtafika mapema."

Danson akacheka, akaipanda na kuipiga teke la kuiwasha, mzaha tu. Ikawaka.

Kimeu akarudi nyuma hadi ukutani. "Mimi sijaitia hata petroli," alinong'ona. "Ndugu yangu, hilo ni jini. Shuka."

Lakini Danson aliikumbuka miguu ya Rita, akaiondoa pikipiki kuijaribu. Alipofika njia ya vumbi upande wa Ndara, harufu ya mvua ilimjia ingawa mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, kisha kiti nyuma yake kikabonyea taratibu, kama abiria anayepanda bila kutaka kusumbua, na mikono miwili iliyolowa, baridi, ikamzunguka kiunoni, na kichwa kikalala mgongoni mwake, na usukani ukaanza kugeuka wenyewe kufuata kijia asichokijua, huku sauti iliyochoka ikimwambia sikioni, tena na tena, "Muulize baba kama naweza kuingia."

Kijia kiliishia nyumbani kwa Mzee Zephaniah, mwenye kuiuza pikipiki hiyo. Alikuwa akipepeta mbaazi. Aliposikia injini, ungo ulimtoka mikononi.

Danson, bila kuthubutu kugeuka, alimfikishia lile swali.

Mzee alieleza kwa shida. Pikipiki ilikuwa ya mwanawe, Lewis. Waligombana asubuhi ya mvua, naye akamwambia kijana asirudi tena. Siku hiyohiyo maji ya korongo yalimchukua. Kwenye mazishi, wazee wa Kidawida, yaani Wataita, walimsihi atase, desturi yao ya kusamehe: achukue maji kinywani, ayapulize nje, na hasira itoke nayo. Alikataa. Alisema yeye ni mzee wa kanisa, mambo hayo ni ya zamani. Ukweli ni kwamba bado alikuwa amekasirika, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe.

"Nikimwachilia," Zephaniah alisema, "hiyo itabaki chuma. Unajua?"

Injini ilikuwa ikinguruma vizuri, laini kama mpya. Danson angeweza kugeuza na kuondoka nayo, na Rita angefika hospitali kila wiki. Nyuma yake, kichwa kile kilitulia kikingoja.

"Najua, mzee wangu," alisema. "Tasa."

Zephaniah alichukua kikombe cha maji, akasimama mlangoni, akayapuliza nje. "Lewis, mwanangu. Hasira imetoka. Ingia, baba."

Kiti kikapanda. Nyayo zilizolowa zikavuka ua uliokauka, moja baada ya nyingine, zikaingia ndani. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Danson aligusa bomba la moshi: baridi kama jiwe. Mzee alizifuata nyayo zile, akaufunga mlango polepole.

Danson aliikokota pikipiki hadi kwa Kimeu, akaiacha. Rita alipomwuliza kama ameipata pikipiki, alijibu bado, akaichukua miguu yake mapajani na kuikanda.

Nawe nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Wa nyumbani kwako akitoka, hata kama mmegombana, mfuate hadi mlangoni umwambie kwamba akirudi, ataingia.