Kuku wa Meza ya Kamati

Kila Jumamosi asubuhi Sindano alifagia vipande vya nguo chini ya cherehani ya baba yake, akaokota pini moja moja, kisha akamwogesha mdogo wake. Mama yao alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na baba yao, fundi wa nguo, aliwalea wanawe peke yake. Sindano alipewa jina hilo na wateja kwa wembamba wake na ukali wa ulimi wake. Mdogo wake, wa miaka mitano, aliitwa Kitumbo, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Jumamosi hiyo kulikuwa na harusi. Fundi ndiye aliyeshona magauni ya wasindikizaji wa bibi harusi, akapewa kadi ya watu wawili.

"Na mimi?" Kitumbo alilia.

"Tumbo lako peke yake ni watu wawili," Sindano alimtania. "Kaa kwa jirani, nitakuletea kuku."

"Huleti kitu," baba alikatiza. "Chakula cha shughuli huliwa palepale. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Kadi ilisema saa sita mchana. Saa tisa wageni walikuwa bado wamekaa ukumbini, midomo mikavu, feni moja ikizunguka kwa kujilazimisha. Chakula kilikuwa kimepikwa tangu alfajiri, nacho kilikaa nje juani kwenye masufuria kikimsubiri mwenyekiti wa kamati amalize kujisifu. Alipomaliza, kamati ikapakuliwa kwanza. Sinia za kuku zikapita mbele ya pua za wageni na kwenda moja kwa moja meza ya mbele.

"Ndio wakubwa wetu hao," baba alinong'ona kwa uchungu. "Wanashiba kwa niaba yetu."

Zamu ya wengine ilipofika, watu waliinuka kama siafu waliomwagiwa maji. Mzee mmoja alishika sahani mbili, akadai ya pili ni ya mkewe, na mkewe yuko nyuma yake na mbili za kwake. Hakuna aliyewakumbuka maharusi, waliobaki kwenye viti vyao wakitazama keki yao. Sindano aliambulia wali mkavu.

Kamati ilipoinuka, sinia zao zilikuwa bado na kuku tele. Hapo Sindano akamwona mwalimu wake wa hesabu akifungua mkoba kando ya meza hiyo. Ndani mlikuwa na mfuko wa plastiki, umekuja tayari kwa kazi. Mapaja mawili yakazama. Macho yao yalipokutana, mwalimu akaweka kidole mdomoni na kutabasamu.

"Kama mwalimu anabeba, mimi ni nani?" Sindano akawaza. Akasogea mezani, akafunga paja moja kwa karatasi ya meza na kulificha kwenye mkoba wake.

Kuku yule alilala chini ya kitanda usiku kucha. Asubuhi baba alipotoka kupeleka nguo za mteja, Sindano akamfungulia mdogo wake. Nyama ilikuwa na utelezi na harufu kidogo. Akajiambia ni viungo tu. Kitumbo alikula mpaka mfupa ukang'aa.

Mchana Kitumbo alianza kutapika. Alitapika mpaka hakukuwa na cha kutapika, macho yakaingia ndani, mikono ikawa baridi. Baba alimbeba mbio hadi zahanati, Sindano akimfuata nyuma.

"Amekula nini?" muuguzi aliuliza.

"Chai na mkate tu," baba alijibu.

"Huyu binti je, hajampa kitu?"

Sindano akatazama sakafu. Akisema, baba atajua kuwa alimkaidi. Asiposema... Kitumbo alimwita kwa sauti ndogo kama ya kifaranga, kisha akanyamaza, kichwa kikalegea begani mwa baba.

"Kuku!" Sindano alipiga kelele. "Nilimpa kuku wa harusi! Wa jana! Alikuwa ananuka, nikampa hivyo hivyo!"

Muuguzi hakupoteza muda. Alimlaza Kitumbo, akatafuta mshipa, akamtundikia dripu, akamwita daktari. Kisha akageuka, akatikisa kichwa.

"Huyu ni wa nne tangu asubuhi. Watu wazima watatu wako chumba cha pili, wanatapika vivyo hivyo, na kila mmoja ameniapia kuwa alikunywa chai tu. Sasa nimejua ugonjwa wao."

"Kamati ile!" baba aliguna. "Chakula kishinde juani kwa sababu ya hotuba!"

"Kamati ina lawama zake, fundi," muuguzi alijibu. "Lakini kamati haikumlisha mtoto huyu."

Baba akamgeukia binti yake. Sindano alisubiri kofi, mabega yameinuka mpaka masikioni. Halikuja.

Jioni Kitumbo alifumbua macho na kuomba maji. Ndipo baba akamvuta binti yake kwenye benchi la zahanati.

"Umenikaidi, na adhabu utaipata. Mkubwa akikosea mbele yako, kosa lake si ruhusa yako. Na chakula kilicholala bila kuhifadhiwa, kikinuka, hutupwa, hata kiwe cha meza ya mfalme."

"Nisamehe, baba. Niliogopa hasira zako."

Baba akatazama mlango wa chumba alimolala mwanawe.

"Siku nyingine ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka. Hasira zangu zina mwisho, mwanangu. Kaburi halina."