Mwiko wa Dagaa za Godauni

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka arobaini na moja. Nimezaliwa na kuolewa kule Busega, kandokando ya ziwa, ingawa sasa nimepanga chumba Bariadi mjini na wanangu. Haya ninayowasimulia yananitia kichefuchefu hadi leo. Sisemi kwa mafumbo... nikisikia harufu ya dagaa natapika kweli!

Kijijini kwetu, pale mwaloni zinapofikia boti, kuna godauni la zamani. Lilijengwa na baba zetu kwa mawe waliyobeba vichwani. Pamba ya vijiji vyote vya jirani ilirundikwa humo, kisha ikapakiwa kwenye boti. Mama yangu alikuwa akisimulia jinsi walivyocheza ngoma siku lilipoezekwa bati. Lilikuwa fahari yetu.

Baadaye pamba ikaanza kubebwa na malori, boti zikaacha kuja. Godauni likabaki na mapipa ya dawa ya kupulizia pamba. Mapipa yakaoza kwa kutu, dawa ikavuja, sakafu ikainywa mwaka hadi mwaka. Mbuzi waliojikinga mvua humo walikutwa wamekufa, povu mdomoni.

Watu walisemaje? Walisema ni mizimu! Tangu hapo hakuna aliyelisogelea.

Mume wangu, nitamwita Masanja, ni mtoto wa mzee aliyekuwa akilinda godauni hilo. Baba yake alipofariki, funguo zikabaki kwetu. Ziwa lilipotoa dagaa kwa wingi, Masanja akapata wazo la kulifungua na kuhifadhi humo dagaa kavu za wafanyabiashara. Akaondoa mapipa, akafagia, akamwaga maji kidogo. Wazee walipomuuliza kuhusu mizimu, akachinja kondoo, akapika pombe, akawaita wote. Wazee wakanywa, wakatema mate ya baraka mlangoni, wakasema mizimu imetulia.

Nani angeuliza habari ya sakafu wakati mizimu imeshatulizwa? Hata mimi nilipiga vigelegele siku ile. Nilijivunia mume wangu jamani!

Haikupita muda, Masanja akarudi nyumbani na habari nyingine. Alidai ameota ndoto, akaenda kwa mganga, na mganga amemwambia marehemu baba yake amekataza dagaa kwa damu yake yote. Kwa hiyo yeye hatakula dagaa tena, na watoto wasile. Aliwakalisha wanangu, akawaambia atakayeonja atavimba tumbo. Limi, mkubwa wao, alilia maana alizipenda sana.

Nikamuuliza, na mimi je?

"Wewe na mayu, mama yako, ukoo wenu mwingine, mama Limi. Mwiko hauwahusu. Nyie kuleni tu."

Mwiko ni mwiko, kwetu hauhojiwi. Nikawa napika vyungu viwili. Cha maharage cha mume na watoto, cha dagaa changu na cha mama yangu, ambaye nilikuwa nimemchukua nimlee uzeeni. Na dagaa zenyewe zilitoka wapi? Aliniletea Masanja mwenyewe, kiroba kizima cha zile zilizobaki chini baada ya wenye mali kupakia. Alisema ni zawadi ya mkwe wake! Mama alimshukuru mbele ya majirani. Alipenda kuzitafuna kavu, amekaa barazani, huku akiwatania wajukuu kwamba wanakosa utamu.

Mimi nilianza kuumwa kichwa na kutetemeka mikono. Nikadhani ni uchovu. Mama ndiye aliyezidiwa. Siku moja nilirudi kisimani nikamkuta amelala chini, mate yanamtoka, jasho limemlowesha nguo nzima. Tulimkimbiza hadi hospitali Bariadi. Daktari alimtazama macho, akaniuliza kama mama hupulizia dawa ya pamba, maana dalili zake ni za sumu ya shambani. Nikamwambia huyu bibi hajashika jembe miaka mingi! Masanja alikuwa amesimama pembeni yangu. Alisikia kila neno... na akanyamaza!

Kama angefungua mdomo pale, daktari angejua pa kuanzia, na mimi ningejua cha kutupa. Hakufungua. Mama yangu akafa.

Msibani, wanawake waliokuwa wakipika waliingia stoo yangu, wakakikuta kile kiroba. Wakachemsha. Wakaanza kuwagawia kina mama waliotoka mbali. Masanja alikuwa amekaa na wanaume, anaona sahani zinavyopita. Lakini sahani ilipomfikia dada yake Kabula, wifi yangu, na akakata tonge... Masanja aliruka kama amekanyaga moto, akaipiga teke ile sahani!

"Usile hizo, Kabula!"

Wifi alishtuka. "Kwa nini nisile?"

Nikamjibu mimi kwamba ni ule mwiko wa baba yenu. Kabula akanishangaa. "Mwiko gani, wifi? Mimi jana nimekula dagaa kwangu. Baba hakuwahi kukataza dagaa."

Nilimtazama mume wangu usoni na nikaelewa yote. Niliwapokonya wale kina mama sahani kwa mikono yangu, nikamwaga kila kitu shimoni. Kisha nikamuuliza mbele ya watu kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia, ungewaambia wanawake wote wa mwaloni," akasema. "Nani angeleta tena mzigo godauni?"

Mnasikia wasomaji? Alijua sakafu ile ina sumu! Alichagua damu yake akaiwekea mwiko, sisi akatuachia sumu. Nililala na mtu huyo kitanda kimoja, nikamfulia, nikamzalia. Nikikumbuka mikono yake natamani kujisugua kwa mchanga.

Serikali ya kijiji ilifunga godauni, yeye akachukuliwa na polisi. Lakini hata hilo halikuwazuia wazee wa ukoo wake kunifuata hapa Bariadi. Wananiomba nimsamehe, eti ni baba mwema maana watoto wote wako hai. Niliwafungia mlango.

Ndugu zangu, nyumba inayohifadhi chakula chenu iulizeni ilihifadhi nini zamani. Kondoo hasafishi sakafu! Nanyi kina mama wenzangu, mwanamume akikuletea chakula ambacho yeye hagusi, usimpikie chungu cha pembeni kama nilivyofanya mimi. Mwambie aonje kwanza.

Juzi Limi aliniuliza kama akila dagaa shuleni atavimba tumbo. Mwiko ule wa uongo ndio uliomwokoa, na aliyeutunga ndiye aliyemwacha bibi yake atafune sumu huku akiwatania wajukuu barazani.