Glasi Isiyolia

Glasi zote zililia isipokuwa moja. Mwalimu wa kemia, aliyeshika vioo vya maabara miaka nenda miaka rudi, alikuwa akizigonga kwa ukucha pale kwenye duka la vitu vilivyotumika, sikio kalitega. Ya mvinyo, yenye mguu mwembamba, ililia vizuri. Ndefu ya bia ililia. Hii fupi ya wiski, yenye kitako kizito, ilinyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Hii tuiache," alimwambia mumewe.

Mumewe, Mkandarasi, hakuwa mtu wa kuambiwa. Baa yenyewe waliyokuwa wakiitafutia glasi alikuwa ameijenga sebuleni, mahali pa meza ambayo mkewe alisahihishia mitihani, bila hata kumuuliza. Sasa akamshushia somo mbele ya mwenye duka: wiski inataka glasi nzito, na mtu aliyesomea chumvi na tindikali atajulia wapi mambo ya wanaume. Mwenye duka alicheka kidogo, akaifunga ile glasi kwa kitambaa bila kuigusa kwa kidole. Mwalimu aliliona hilo. Akameza maneno yake, kama alivyoyameza tangu siku ya harusi.

Nyumbani ile glasi ilikuwa na joto lisilopoa. Aliiosha, akaipanga rafuni, na kila alipopita aliikuta na mvuke kwa ndani, kana kwamba kuna anayeihemea. Sebule ikaanza kunuka sarafu iliyokaa kwenye kiganja chenye jasho. Mkandarasi alisema ni pua yake tu. Jioni akaijaza, akanywa, akaiweka chini taratibu.

"Ahsante kwa kuiosha, mke wangu," alisema.

Mwalimu aligeuka kumtazama. Katika ndoa ile hakuwahi kushukuriwa hata kwa maji ya kunywa.

Tangu hapo kelele zikaisha. Mumewe alimrudishia meza yake, aliosha vyombo, alimuuliza habari za darasani na kusubiri jibu. Glasi ile hakuisogelea tena. Ila hakulala, na alipomsikiliza mkewe hakupepesa macho.

Wifi yake alipokuja kuwasalimu, kaka mtu alimkaribisha kiti, akamletea maji kwenye sinia. Wifi alimvuta Mwalimu jikoni.

"Wifi, huyu si kaka yangu," alinong'ona. "Kaka yangu angekufa na kiu kuliko kujichotea maji."

Walitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

Wifi ndiye aliyemleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye mkoba kama wa fundi bomba, wakati Mkandarasi yuko kazini. Mganga aliinamia glasi kwa muda, akainua kichwa.

"Aliyekuwa humu ametoka. Mumeo ndiye aliyemo."

Mwalimu akaweka sikio, na mwanzoni alisikia mvumo tu, kisha mvumo ukawa pumzi, na pumzi ikawa sauti ya Mkandarasi, nyembamba kama ya mbu aliye chumba cha pili, ikilia kwamba humo ndani ni giza na mna joto na kuna wengine wanaomkanyaga, ikimwita kwa jina lake ambalo mumewe hakuwa amelitamka kwa miaka mingi, ikimsihi, ikimbembeleza, na hata katika kubembeleza ikimwamuru afanye haraka, ana nini, mbona amesimama tu.

Mganga alishatoa nyundo. "Nikiivunja, anarudi huyu na anaondoka yule. Lakini aseme mke."

Neno moja tu lilihitajika. Mwalimu alifungua mdomo, akaiona meza yake imerudi dirishani, ina mwanga.

"Nipeni mpaka kesho."

"Ni kaka yangu," wifi alisema.

"Najua. Na mimi ndiye ninayeishi naye."

Wifi alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akatoka bila kuaga. Mganga alirudisha nyundo mkobani polepole. Mlangoni aligeuka, akasema chinichini kwamba kiumbe wa namna ile hatosheki na mtu mmoja.

Jua lilikuwa linazama aliporudi yule mwenye sura ya mumewe. Alipangusa viatu, akamuuliza kama amechoka, akamwomba akae. Kisha akatoa mfukoni glasi mpya, ndogo, yenye mguu mwembamba mzuri ajabu, akaijaza, akaisukuma mbele yake.

"Mke wangu," alisema kwa upole uleule, bila kupepesa, "nimekuchagulia na wewe ya kwako."